Swali Ambalo Hakuna Aliyeliuliza: Kujiua katika Riwaya Mbili za Kezilahabi

1. Utangulizi

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alianza kazi yake ya uandishi wa riwaya kwa vitabu viwili ambavyo wahusika wake wakuu wanajiua: Rosa katika Rosa Mistika (1971), na Kazimoto katika Kichwamaji (1974). Ni wachache miongoni mwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, wawe Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi, wanaomaliza masomo yao bila kukutana na vifo hivyo viwili. Vimehakikiwa sana, vimetungiwa maswali ya mitihani, vimeandikiwa tasnifu. Hata hivyo, katika wingi huo wa maandishi kuna pengo ambalo si dogo. Vifo hivyo huzungumziwa kama hoja, kama ishara au kama adhabu. Ni mara chache huzungumziwa kama vifo vya watu wawili wenye umri kama wa wale wanaosoma vitabu hivyo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jambo moja tu. Katika riwaya hizi kimya si kivuli kinachoandamana na msiba. Ni sehemu ya muundo wake. Rosa na Kazimoto wanafikishwa kwenye mauti na mambo mengi, lakini kila mmoja amejengwa katikati ya mazungumzo ambamo swali moja halipatikani, yaani swali la mtu anayetaka kujua mwenzake ana nini moyoni. Tukiisha kuliona hilo, tutauliza kama uhakiki wetu na ufundishaji wetu haukirudii kimya kile kile darasani.

2. Fasiri mbili zilizozoeleka

Fasiri ya kwanza ni ya kimaadili. Kwa fasiri hii, Rosa ni binti aliyelelewa kwa ukali uliopita kiasi, akapata uhuru ghafla alipokwenda shuleni, akapotoka, akavuna alichopanda. Mtihani ukimwuliza mwanafunzi kama Rosa alistahili kufa, tayari umemkalisha kwenye kiti cha hakimu, na hakimu kazi yake ni kutoa hukumu, si kusikiliza. Tukumbuke pia kwamba kitabu chenyewe kilizuiwa kwa muda mashuleni nchini Tanzania. Kilichowatisha waliokizuia ni mambo ya mapenzi; kifo cha binti hakikuleta kelele kama hizo.

Fasiri ya pili ni ya kifalsafa. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi kwao Ukerewe akiwa mgeni kwa wazazi wake na kwa nafsi yake, amehesabiwa kuwa shujaa wa udhanaishi. Kujiua kwake kumesomwa kama jibu la kimantiki kwa maisha yasiyo na maana, na jina la Albert Camus limetajwa mara nyingi pembeni mwa jina lake. Hapa pana kasoro ambayo msomaji wa Kifaransa anaweza kuibaini upesi. Katika Le Mythe de Sisyphe, kilichotoka mwaka 1942, Camus analianza swali la kujiua ili alikatae. Kwake, kuishi pamoja na upuuzi wa ulimwengu, bila kuukimbia, ndiko kuasi. Kujiua ni kusalimu amri. Kwa hiyo anayesema kwamba Kazimoto anatimiza fikra za Camus amekomea kwenye swali, hakufika kwenye jibu.

Fasiri hizi mbili zinapingana kwa mengi, lakini zinakubaliana katika jambo moja: kila moja inakifanya kifo kiwe cha lazima. Ya kwanza inasema Rosa alijiletea, ya pili inasema Kazimoto alifikiri hadi mwisho. Hakuna kati yake inayouliza ni wapi, katika safari ile, pangeweza kuwa na njia panda.

3. Kimya kama fani

Tuanze na Rosa Mistika. Mwanzoni mwa riwaya, Rosa anapata barua kutoka kwa Charles, na barua hiyo inamletea kipigo kikali kutoka kwa baba yake Zakaria, mtu wa pombe na wa fimbo. Tukio hili limetafsiriwa vya kutosha kama mfano wa malezi mabaya. Litazamwe pia kama somo la mawasiliano. Kitu cha kwanza ambacho binti huyu anajifunza mbele ya macho yetu ni kwamba neno linalotoka moyoni mwa mtu, likiandikwa na likionekana, huadhibiwa. Tangu hapo, maneno yanayomzunguka ni ya aina chache: amri, upelelezi, vishawishi vya wanaume wenye cheo na fedha, na mwishowe hukumu ya Charles, ambaye alikuwa tayari kumwoa lakini anamkataa kwa sababu ya mambo yake ya nyuma. Mama yake, Regina, anampenda. Lakini Regina naye hupigwa, na hana mahali pa kupeleka maumivu yake mwenyewe. Nyumba ya Zakaria imejaa sauti, na ndani yake hakuna mazungumzo.

Ndiyo maana mwisho wa riwaya una uzito usioelezeka kwa fasiri ya kimaadili peke yake. Baada ya mauti, Rosa na Zakaria wanasimamishwa mbele ya Mungu, na pale binti anayatoa mashtaka ambayo hakuweza kuyatoa nyumbani. Msanii amelazimika kuivuka mipaka ya dunia ili baba na binti wasemezane. Tendo hili la kifani ni hukumu kali kwa jamii kuliko neno lolote linalotamkwa na mahakama ile ya mbinguni: duniani hapakuwa na baraza la kesi hiyo.

Jina la Rosa nalo halikuchaguliwa ovyo. Limetoka katika litania ya Bikira Maria, na riwaya inatembea ndani ya ulimwengu wa Kikatoliki. Wakati ilipoandikwa, sheria ya Kanisa iliyokuwa ikitumika ilikuwa ile ya mwaka 1917, iliyowanyima maziko ya Kanisa wale waliojiua kwa kukusudia. Katazo hilo halimo tena katika sheria ya mwaka 1983, na Katekisimu ya mwaka 1992 inakiri kwamba maradhi makubwa ya nafsi, uchungu au hofu kuu huweza kupunguza wajibu wa mtu. Tusomapo mahakama ya Rosa, tukumbuke basi kwamba Kezilahabi alimpa nafasi ya kusikilizwa mtu ambaye, kwa sheria ya siku zile, hakuwa na nafasi hata makaburini.

Serikali nayo ilikuwa na adhabu yake. Kanuni ya Adhabu ambayo Tanganyika iliirithi kwa Waingereza ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, ingawa Uingereza yenyewe ilikuwa imeliondoa kosa hilo mwaka 1961. Nchini Kenya kifungu cha namna hiyo kilidumu hadi tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinapingana na katiba. Anayeishi chini ya sheria kama hiyo, akitamka kwamba amechoka na uhai, hajaomba msaada tu. Amekaribia kukiri kosa. Kimya cha wahusika hawa, basi, si tabia yao peke yao. Kilikuwa na walinzi: fimbo nyumbani, kaburi la pembeni kanisani, na kifungu cha sheria mahakamani.

Katika Kichwamaji kimya kinajengwa kwa njia nyingine, na kwa ustadi zaidi. Riwaya inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Kwa hiyo sisi wasomaji tunajua mashaka yake, chuki yake, uchovu wake, hofu ya urithi wa ugonjwa ambao umeingia nyumbani kwa Manase na ambao unamfuata hadi kwenye uzazi wake na Sabina. Tunajua yote, waliomo ndani ya riwaya wanajua kidogo sana. Kazimoto hunena na rafiki, na wazazi, na mke, lakini hunena kwa mzaha, kwa ubishi au kwa maneno makubwa ya mtu aliyesoma. Aliyoyaficha anatuambia sisi ambao hatuwezi kumjibu. Nafsi ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni mlango wa ukaribu, imegeuzwa kuwa chumba kilichofungwa kwa ndani. Na yale ambayo wenzake wangepaswa kuyasikia wanaachiwa katika karatasi, baada ya yeye kuwa amekwisha kufa.

Hapa mhakiki hana budi kumsifu msanii na kumlaumu kwa pumzi moja. Sifa ni kwamba ameonyesha kwa uaminifu jinsi akili iliyojeruhiwa inavyoweza kuyapa maumivu yake sura ya hoja. Lawama ni kwamba hoja hiyo haikupewa mpinzani anayelingana nayo. Sabina, aliyekuwa karibu kuliko wote, anabaki na majonzi bila kuwahi kupewa nafasi ya kubishana na uamuzi ule. Riwaya ikimnyima sauti, msomaji kijana anaweza kudhani kwamba hapakuwa na la kujibu.

4. Maneno tuliyo nayo

Mwanaisimu hawezi kulipita jambo hili bila kuangalia msamiati. Kitenzi kujiua kimejengwa kwa kiambishi cha kujirejea -ji-, ambacho kinamfanya mtu yule yule kuwa mtenda na mtendwa. Hiki ni kitenzi safi: hakina ndani yake harufu ya jinai wala ya dhambi. Lakini angalia sentensi tunazokitilia. Husemwa kwamba fulani alijaribu kujiua akashindwa, au kwamba alifaulu. Kwa sarufi ya namna hii, kifo kimekuwa ushindi na uhai umekuwa kushindwa. Ingetosha kusema kwamba alijaribu kujiua, akanusurika, au akaokoka. Kiswahili kinayo maneno hayo tayari. Tena, magazeti hupenda vitenzi vinavyotaja njia iliyotumiwa, kana kwamba njia ndiyo habari na mtu ni kiambatisho tu.

Upande wa maradhi, tuna wazimu, neno lenye ukoo na mzimu, na tuna kichaa. Yote mawili yanamtoa mtu katika jamii ya watu. Kati ya uzima na wazimu, lugha ya kila siku haikuacha uwanja mpana wa kutaja huzuni isiyoondoka, usingizi uliopotea, au moyo uliokufa ganzi. Wataalamu wa Tanzania wamelifufua neno sonona, kutoka kitenzi chenye maana ya kuumia moyoni. Ni neno zuri, lakini huku kwetu bado ni la vitabuni. Mjini Lubumbashi mtu husema niko na mawazo mingi, na anayemsikia mara nyingi hufikiri ni habari ya kodi ya nyumba au karo. Huenda ni hivyo. Huenda pia ni mlango uliofunguliwa kidogo, ukingoja kuona kama kuna atakayeusukuma.

Methali zetu nazo zinavuta huku na huku. Siri ya mtungi aijuaye kata, wasema wahenga, na wengi huichukua kuwa ruhusa ya kutouliza. Lakini wahenga hao hao walisema kwamba mficha maradhi, kifo humfichua. Ni juu yetu kuamua ni ipi kati ya hizo tutakayoipeleka kitandani kwa mgonjwa.

5. Je, kusema ni kuchochea?

Kuna pingamizi linalostahili heshima. Wapo walimu wanaohofu kwamba kuzungumza wazi juu ya kujiua ni kuwapa vijana wazo ambalo hawakuwa nalo. Hofu hii ina historia ndani ya fasihi. Mwaka 1774 Goethe alichapisha riwaya ya kijana Werther, anayejiua kwa mapenzi, na mwaka uliofuata ilipigwa marufuku mjini Leipzig kwa kuhofiwa kuigwa. Miaka mia mbili baadaye, mwaka 1974, mwanasosiolojia David Phillips alilitumia jina la Werther kuuita mwigo unaofuata habari za kujiua zinazotangazwa kwa kishindo. Mwigo huo si uzushi. Mjini Vienna, mwaka 1987, waandishi wa habari walipewa mwongozo wa kupunguza kishindo hicho katika habari za vifo vya njia ya treni ya chini ya ardhi, na vifo vile vikapungua.

Lakini Vienna hiyo hiyo inatupa na nusu ya pili ya jambo. Katika opera ya Mozart ya mwaka 1791, Die Zauberflöte, Papageno amekata tamaa na ametangaza kwamba atajiua. Anahesabu hadi tatu, akingoja kama yupo atakayemhurumia. Wanatokea watoto watatu. Hawamhukumu wala hawamhubirii. Wanamwambia asitende, kisha wanamkumbusha kengele zake ndogo ambazo, katika dhiki yake, alikuwa amezisahau. Mwaka 2010 watafiti wa Austria walionyesha kwamba habari zinazoeleza jinsi mtu alivyopitia mawazo ya kujiua bila kuyatekeleza zinakwenda pamoja na kupungua kwa vifo, nao wakauita mwelekeo huo kwa jina la Papageno. Na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakupata ushahidi kwamba kumwuliza mtu kuhusu kujiua kunampandikizia wazo hilo.

Kwa hiyo tofauti si kati ya kusema na kunyamaza. Tofauti ni kati ya namna mbili za kusema. Kukitukuza kifo, kueleza njia yake, kukifanya jibu: hayo yana hatari. Kumwuliza aliye hai, na kuonyesha kwamba wapo waliopita njia hiyo wakarudi: hayo ni kinga. Hesabu ya Papageno inatufundisha kwamba anayetaka kufa mara nyingi, kwa sehemu nyingine ya nafsi yake, anataka kuzuiwa. Tukirudi kwa Kezilahabi, swali la uhakiki linabadilika. Hatuulizi tena kama Rosa alistahili. Tunauliza: watoto watatu wa Rosa walikuwa wapi? Ni nani, katika ukurasa upi, angeweza kuwa mmoja wao?

6. Benchi la Harare

Pasiwe na anayedhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda, baada ya kumpoteza mgonjwa aliyejiua, alianza mwaka 2006 kufanya kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, anamsikiliza, na pamoja wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Mpango ulipoitwa benchi la afya ya akili, watu hawakutaka kuonekana wamekaa pale. Akina bibi ndio walioshauri jina libadilishwe; kwa Kishona likaitwa Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mawazo. Ugonjwa wenyewe hawakuuita kwa neno la kigeni. Waliuita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Jaribio lililofanywa na wagonjwa 573 katika zahanati 24, na kuchapishwa Desemba 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Kwa wanafunzi wa lugha, funzo liko wazi. Kufungisisa na mawazo mingi ni ndugu. Kilichofanyika Harare ni kazi ya kiisimu kabla ya kuwa ya kitabibu: lilitafutwa jina ambalo mtu anaweza kulitamka bila aibu, likapewa mahali pa kulitamkia na mtu wa kulisikia.

7. Hitimisho

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 727,000 walijiua mwaka 2021, na kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Huo ndio umri wa Rosa, wa Kazimoto, na wa wale wanaokaa mbele yetu tukiwafundisha habari zao. Mwalimu anayetaja kujiua darasani aamini kwamba anazungumza na mtu, hata kama hajui ni yupi.

Tunapendekeza, kwa hiyo, riwaya hizi zisiondolewe wala zisipakwe sukari. Zifundishwe kwa maswali mengine. Mwanafunzi atafute ishara ambazo wahusika wa pembeni waliziona wakazipita. Aandike mazungumzo ambayo Sabina hakupewa. Apime Kiswahili chake: angemwuliza Kazimoto kwa maneno gani? Zoezi hili ni la uhakiki kamili, kwa kuwa linamlazimisha kuijua nafsi ya mhusika, mtindo wa usemi na muundo wa riwaya. Lakini pia linamwachia sentensi ambayo siku moja anaweza kuihitaji nje ya darasa.

Sentensi yenyewe si ngumu. Ndugu yangu, naona umebadilika. Je, umefikia kuwaza kujiua? Akijibu ndiyo, asikemewe, asihubiriwe, asiahidiwe siri itakayomwua. Asikilizwe, asiachwe peke yake, viondolewe karibu naye vitu vinavyoweza kumdhuru, na asindikizwe kwa watu wenye ujuzi. Lubumbashi kipo kituo cha Joseph Guislain, na Bukavu kipo cha Sosame. Na wewe msomaji, ikiwa swali hili limekukuta ukiwa upande wa pili, usingoje kuhesabu hadi tatu. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno yoyote uliyo nayo, hata kama ni hayo ya mawazo mingi.

Rosa aliwekewa baraza mbinguni kwa sababu nyumbani kwao halikuwapo. Kuliweka duniani, katika nyumba zetu na madarasa yetu, ni kazi ambayo msanii ametuachia.